Aliyejua Mvua Ilikotoka

Chai ya walimu katika shule yetu haikuwahi kunyweka kwa amani, na lawama zote ni za mwalimu mmoja wa jiografia. Mpishi alipoleta sufuria ikiwa bado inatokota, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuinama juu yake. Hakuwa na kiu. Alitaka kutazama majani ya chai yakipanda katikati na kuteremka kandokando. "Ngojeni kwanza. Muone vile inazunguka." Kisha alianza kueleza, kama alivyoeleza wiki iliyopita na wiki iliyotangulia, kwamba hewa ya dunia nzima hufanya vivyo hivyo: jua linatupiga sisi wa katikati, hewa inapata joto na kupanda, inasafiri mbali huko juu, inapoa, inashuka, halafu inarudi chini chini ikiitwa upepo. Tulisikiliza huku chai ikipoa. Mwalimu wa hesabu alisema mtu huyu angeoa sufuria kama si kwamba alikuwa na mke tayari.

Tulimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, ingawa sote pale tulikuwa walimu. Shule ilikuwa nje ya Kisumu, kwenye barabara ya Ahero, pale uwanda wa Kano unapoanza na ule udongo wake mweusi unaokatalia viatu. Mimi nilifika hapo mwanzoni mwa miaka ya themanini kufundisha Kiswahili, mgeni kutoka Bunyore, nikiwa na sanduku moja na mdomo mrefu. Mdomo huo ndio ulionifanya nielewane naye.

Sisi Wanyore tunasifika kwa kuita mvua, na babu yangu mwenyewe alikuwa mmoja wa wazee walioendewa na watu wa mbali kila msimu wa kupanda ulipokaribia. Japuonj alipojua hilo hakuniacha tena. "Nyar Bunyore," aliniita, binti wa Bunyore, "wazee wenu wametupangia nini mwaka huu?" Nami nilimjibu kwamba wazee wanangoja watu wa Kano walete kuku kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini utani ulipokwisha, ni yeye peke yake katika ofisi ile aliyewahi kuniuliza kwa dhati babu anatazama nini. Nikamweleza: miti fulani inapopukutisha majani, siafu wanapohama, upepo unapobadili upande. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akasema upepo ukibadili upande, hata yeye hushtuka.

Darasani hakuwa mtu wa kusomesha kwa kitabu. Asubuhi alifungua madirisha ya pande zote mbili na kuwaamuru watoto wa kidato cha kwanza wanyamaze. Hewa ilikuwa ikitoka nchi kavu kuelekea ziwani. Baada ya chakula cha mchana aliwarudisha palepale, wakasimama na matumbo yao yaliyojaa maharagwe, wakingoja, hadi karatasi za mezani zilipoanza kuruka upande wa pili. Hapo alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyeugeuza upepo. Nchi kavu imechemka haraka, alisema, na maji ya ziwa bado ni baridi, basi hewa ya ziwa inakuja kujaza pengo. Inapanda hadi milima ya Nandi, inakutana na upepo mwingine unaotoka mashariki, zinasukumana, zinapanda juu, na saa kumi mnaona mawingu yamerundikana kule. Mvua inanyesha wapi? Kericho na Nandi, mwalimu. Halafu inakwenda wapi? Mtoto mmoja akasema inakwenda kwenye majani chai. Japuonj aliwaangalia mmoja mmoja. "Halafu inakuja kwenu," akasema, na akafunga dirisha.

Alikuwa na redio yenye betri nne iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, aliyoibeba kwapani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Taarifa ya hali ya hewa ilipofika hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Mtangazaji akisema mvua itanyesha katika sehemu nyingi za nchi, yeye alimjibu kwa ukali: sehemu gani, bwana? Alivaa sweta mchana wa jua kali kwa kuwa alijua jioni itakuwaje, nasi tuliomcheka mchana tulirudi nyumbani tumelowa chepechepe. Hakuna siku aliyosema "niliwaambia." Hilo lilinikera kuliko kama angesema.

Alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Mwanafunzi akisema radi imetumwa na adui, alisimamishwa mbele ya darasa aeleze umeme unavyotokea mawinguni, na hakukaa mpaka aeleze. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, akipitisha mfuko wa sadaka katika suti ya kahawia. Hirizi hakuzitaka, waganga hakuwataka. Ungemwona ungesema huyu ameshamalizana na mambo ya kale. Nami nilisema hivyo, kwa miaka mingi, kwa sauti, na nilikosea.

Sikujua ni kwa nini alikuwa akihangaika hivyo na mvua hadi ule ukame wa themanini na nne. Mtama ulikauka ukiwa urefu wa goti. Serikali ikaleta mahindi ya njano, na watu waliyala huku wakiyatukana. Watoto walizimia kwenye gwaride la asubuhi. Wazazi walikuja shuleni kuomba karo ingoje, na siku moja mama mmoja, akiwa na mtoto mgongoni, alimkuta Japuonj barazani akamuuliza kwa nini mvua imewatupa. Alimweleza yote, kwa Kijaluo, bila haraka: kwamba kuna pepo za kaskazini na pepo za kusini zinazokutana juu yetu mara mbili kwa mwaka zikifuata jua, kwamba zinabeba unyevu zilioufyonza baharini, na kwamba mwaka huo zilipita bila mzigo. Mvua haikuwa ya Kano. Ilikuwa mgeni kutoka baharini, na bahari ilikuwa imebadilika. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Sasa hiyo bahari iambiwe nini?"

Japuonj alimpa nauli ya kurudi kwao akaingia ofisini, akakaa na kipindi kikampita. Nadhani alianza kuchoka siku hiyo, ingawa alifundisha miaka mingine mingi baada yake.

Mkewe alikuwa rafiki yangu. Aliuza mchele pale Kibuye siku za soko, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kugeuza vichwa, na kila nilipopita alinipimia kikombe kimoja juu ya kipimo, akaniambia nile ninenepe nipate bwana. Ni yeye aliyeniambia habari za shamba la mlimani. Japuonj alikuwa amenunua kipande chini ya milima, mbali na mto, mawe matupu lakini pakavu. Alipanda miti kwenye pembe zake nne. Kila mvua kubwa ilipokuja na maji ya mto Nyando yakaingia hadi jikoni, alisema mwaka huu tunahama. Na kila mwaka hawakuhama.

Nilimuuliza sababu, nikaambiwa kitu ambacho mimi, mtu wa kuja, sikukijua. Kwa mila za kwao, mdogo haanzishi boma jipya kabla ya mkubwa wake. Japuonj alikuwa na kaka mmoja mkubwa, jirani yake wa ua kwa ua, mwenye miguu mibovu na msimamo wa chuma. Kaka huyo naye hakuweza kuhama bila mwanawe wa kwanza. Boma jipya huingiwa na watu watatu: mtoto wa kwanza wa kiume ana shoka, baba ana jogoo, mama ana moto. Na mtoto mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa, barua zikakoma, hata picha hakutuma. Basi nyumba mbili zilikaa kwenye njia ya maji zikimngoja kijana mmoja ambaye hakuna aliyejua kama yu hai. Mkewe aliponieleza alicheka, lakini si kile kicheko cha Kibuye. "Mimi moto niko nayo tayari," alisema. "Ni wanaume wanachelewa."

Nilimwendea Japuonj na mdomo wangu. Nilimwambia unasimamisha watoto kwa sababu ya radi, halafu wewe mwenyewe unaogopa jogoo na shoka? Hakukasirika. Alisema haogopi mila, anaogopa watu. Akihama yeye kwanza, kisha mtoto mwingine wa kaka yake akapata malaria ya kawaida, malaria ambayo kila nyumba inayo, itasemwa kwamba ni yeye aliyeleta kifo. Kaka yake atakufa akiamini hivyo. Watoto wao hawatasalimiana. "Maji inaua mara moja, Nyar Bunyore. Hiyo maneno inaua mpaka wajukuu."

Kaka mkubwa naye alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja ya macho. Zile mvua kubwa za kabla ya Uhuru, ziwa lilipopanda mpaka samaki wakaingia mashambani, yeye alikuwa kijana na aliona maji yalipofika. Yalifika kwenye ua wa minyaa yakasimama. Yalikaa, yakarudi. Kwa hiyo maji ya Kano yalikuwa na adabu, yalijua mpaka wao. Nilikuwapo siku Japuonj alipojaribu kumwambia kwamba bahari haijui ua wa minyaa. Mzee alimpiga begani kwa upendo, kama unavyompiga mdogo wako aliyesoma sana.

Kisha ukafika mwaka wa tisini na saba. Redio ilianza kutaja El Nino, na pale sokoni watu waliligeuza jina hilo kuwa mzaha, kila kitu kikawa El Nino, hata mlevi akianguka. Japuonj hakucheka. Alichora ubaoni bahari ya Pasifiki, akaeleza kwamba zile pepo zinazosukuma maji ya moto kuelekea Asia zimelegea na maji yanarudi nyuma, na kwamba bahari yetu ya Hindi, upande huu wa kwetu, nayo inapata joto. Bahari ikipata joto inatoa mvuke mwingi kupita kiasi, na upepo wa mashariki unauleta bara. Mvua fupi hazitakuwa fupi, aliwaambia. Watoto waliandika kwa kuwa walidhani jambo hilo litakuja kwenye mtihani.

Likizo ya Agosti alipanda basi kwenda Mombasa kumtafuta yule mtoto wa kaka yake. Alikuwa amefundisha bahari zaidi ya miaka ishirini na hakuwa ameiona. Alizunguka bandarini, Changamwe, Likoni, akiuliza kwa jina, kwa kimo, kwa kovu la nyusi. Hakumpata. Mtu mmoja alisema kijana huyo alipanda meli, mwingine akasema alizikwa na manispaa. Aliporudi tulimzunguka ofisini tumuulize habari za bahari, mimi nikiwa mbele, nikitegemea hotuba. Alisema alikunja suruali akaingia hadi magotini kati ya watoto waliokuwa wakiogelea, akatia mkono. Maji yalikuwa vuguvugu. Akaongeza kwamba alidhani atafurahi, lakini alisimama pale akasikia baridi moyoni. "Kitu kubwa vile," alisema. "Haijui hata kama Kano iko."

Mvua zilianza Oktoba na hazikukata. Barabara zilikatika, daraja likaondoka, gugumaji likasukumwa na mawimbi hadi kwenye mashamba. Japuonj alimsihi kaka yake angalau wapande wote kwenye kambi ya muda shuleni, bila kuanzisha boma popote, wakalale tu kama wageni. Hilo halikuvunja mila yoyote. Mzee akasema ng'ombe wataibwa. Mkewe Japuonj akasema hawezi kumwacha shemeji mwenye miguu mibovu peke yake, nani atamchemshia uji. Basi wakabaki wote watatu.

Siku yenyewe ya mafuriko, mvua haikunyesha. Ndilo jambo ambalo watu wasiotoka Kano hawalielewi nikiwasimulia. Jua lilikuwa linawaka, nguo zimeanikwa, watoto wa kidato cha nne wako kwenye mtihani, na Japuonj anasimamia pamoja nami akitembea kati ya madawati. Lakini jana yake mawingu yalikuwa yamesimama juu ya Nandi mchana kutwa. Mto ulikuja na mvua ya huko ukavunja tuta kabla ya saa sita. Mtu mwenye baiskeli alifika langoni akipiga kelele. Japuonj aliweka karatasi mezani pangu, akaondoka bila koti, na alipofika kwenye mfereji ulio kati ya shule na kwake maji yalikuwa yamekwisha kufunika barabara. Alisimama upande huu na watu wengine. Upande ule aliliona paa la nyumba yake.

Yaliyotokea huko tuliyajua baadaye kutoka kwa kaka mkubwa. Mkewe Japuonj alikuwa ameshaokoka. Aliwapeleka watoto wa jirani juu ya tuta, akawapeleka mbuzi, kisha akarudi kwa ajili ya shemeji. Maji yalipita ua wa minyaa bila kusimama. Alimsukuma mzee kutoka chini, bega lake likiwa chini ya ile miguu mibovu, hadi akashika tawi la mkuyu na kujivuta. Mzee alipogeuka kumpa mkono, hakuwa pale. Alipatikana kwenye mashamba ya mpunga maji yalipoanza kupungua.

Mwili ulikaa mochwari Kisumu muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na ardhi ya kuzikia. Mimi niliropoka tena, nikasema azikwe kule mlimani, pakavu, kwenye miti minne. Wanawake wa ukoo walinitazama kwa huruma. Kule hakuna boma, waliniambia, kule ni pori, na mke wa mtu hazikwi porini. Kwa hiyo alizikwa Kano, mbele ya nyumba yake iliyobomoka. Vijana walichimba na kaburi likajaa maji, wakateka kwa ndoo, likajaa tena. Walimteremsha maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yao. Japuonj alisimama kwenye ukingo na suti yake ya kahawia, na mchungaji aliposema udongo kwa udongo, nililia kwa hasira, kwa sababu haukuwa udongo.

Alirudi kufundisha muhula mmoja. Alifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Madirisha yalikaa kama mfagizi alivyoyaacha, na chai tuliichota sufuriani ikiwa moto. Hakuna aliyefurahia. Kisha akaomba kustaafu mapema, akaondoka bila sherehe.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kurudi kwetu, nikaenda kumuaga. Uwanda ulikuwa umekauka hadi kupasuka, kwa kuwa mvua zilizofuata zilikuwa haba. Njiani nilipanga maneno yangu yote. Nilikuwa nimesikia kwamba yule kijana wa Mombasa hajaonekana bado, na nilikuja nimejiandaa kugombana na yule mzee mpaka amwachilie mdogo wake.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda kipya cha mabati, fimbo magotini. Hakunipa nafasi ya kugombana. Alianza yeye, hata kabla sijakaa.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Wewe ongea na yeye. Mimi nimemruhusu. Niliita wazee, nikasema mbele yao, huyu ndugu yangu ahame, asiningoje, na jambo lolote likitokea lisiwe juu yake. Wazee wamekubali. Mtoto wake wa kwanza naye amekuja kutoka Eldoret, anataka kumjengea huko juu. Yeye mwenyewe anakataa."

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia mbele ya mgeni, na hakujificha uso.

Japuonj alikuwa mbele ya nyumba, anapandisha udongo kwa jembe. Alikuwa amejenga tuta dogo kulizunguka kaburi, kimo cha goti, akalishindilia kwa mawe. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za Bunyore, akaniuliza kama babu bado yu hai. Nikamwambia alishafariki. Alisimamisha jembe kwa heshima, kisha akaendelea kuchota udongo.

Nilimwambia alichosema kaka yake. Nilimwambia mila imefunguka, watu wamefunguka, mwanao yuko tayari, shamba ni kavu, na wewe kuliko mtu yeyote unajua kitakachokuja hapa. Au hujui tena?

"Najua," akasema. "Maji itarudi. Bahari itapata joto tena, labda baada ya miaka michache, labda mingi kidogo. Itarudi na itakuwa kubwa kuliko ile. Hii tuta yangu haitazuia kitu."

"Basi hama, Japuonj."

Aliegemea jembe akatazama lile kaburi.

"Nikihama, Nyar Bunyore, itamkuta peke yake."

Nilivua viatu, nikaokota karai lililokuwa pembeni, nikamjazia udongo mpaka jua lilipoinama, huku mzee akitutazama kutoka mlangoni. Kisha nikanawa mikono, nikawaaga wote wawili, nikarudi barabarani kutafuta gari.